Hoteli za Pwani: Tunanunua Bahari au Tunanunua Utumishi?

Kila ifikapo mwezi wa Novemba, vioo vya mawakala wa safari katikati ya jiji la Nairobi hubadilika sura. Picha za simba na twiga huondolewa, na mahali pake hutundikwa picha za minazi, mchanga mweupe na bwawa la kuogelea ambalo maji yake ni ya samawati kuliko bahari yenyewe iliyo nyuma yake. Jioni moja majuzi, nikitoka chuoni kuelekea kituo cha matatu za Uthiru, nilisimama mbele ya kioo kimoja kama hicho karibu na Moi Avenue. Tangazo lilisema: siku tatu Diani, bei ya wakazi, lipa mdogo mdogo. Mwanafunzi wangu mmoja alinikuta pale nikikodoa macho, akasoma bei, kisha akaniuliza kwa unyenyekevu uliochanganyika na kicheko, "Daktari, kweli kuna kitanda cha shilingi 24,000 kwa usiku mmoja? Mtu akilala humo huota nini?"

Nilicheka, lakini sikuwa na jibu. Swali lile nililibeba hadi nyumbani, na kwa kuwa najua si mimi peke yangu ninayelibeba msimu huu, nimeona heri nilitue hapa tulitazame pamoja.

Kwanza, hesabu. Mimi na mke wangu sote ni walimu: mimi wa chuo kikuu, yeye wa shule ya upili upande wa magharibi wa jiji hili. Tuna watoto wawili ambao hawawezi tena kulazwa chumba kimoja na wazazi. Vyumba viwili kwa bei hiyo ni shilingi 48,000 kwa usiku, na kwa siku tatu ni shilingi 144,000, pamoja na kiamshakinywa na chakula cha jioni. Nauli ya daraja la kawaida katika treni ya Madaraka Express, tangu ilipopandishwa Januari 2024, ni shilingi 1,500 kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Kwa watu wanne ni shilingi 12,000. Jumla ni shilingi 156,000, na bado hatujatoka stesheni ya Miritini kuelekea Diani, wala hatujanunua hata dafu moja. Sasa, kiwango ambacho Wizara ya Elimu imekuwa ikikitaja kuwa karo ya shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa hivyo siku tatu za Diani zinakaribia karo ya miaka mitatu ya mtoto mmoja. Hiyo ndiyo mizani iliyokuwa mbele yangu, na hiyo ndiyo mizani iliyo mbele ya maelfu ya walimu wenzangu ambao Desemba huwacheka na Januari huwaliza. Si ajabu vijana wetu, kwa ufundi wa lugha ambao mimi kama mwanaisimu siwezi kuukosoa, wameubatiza mwezi huo Njaanuari.

Nilipofika nyumbani nilijiona nina hoja ya kuufunga mjadala, nayo niliitoa katika taaluma yangu. Nilimwambia mke wangu, ambaye humwita Mwalimu kama yeye anavyoniita Daktari kwa kunitania, atafakari neno pwani. Neno hili limetokana na kitenzi kupwa, yaani maji kupungua na kurudi nyuma, ambacho kinyume chake ni kujaa. Pwani, kwa asili, ni mahali ambapo maji hupwa. Waswahili wa kale hawakuipima pwani kwa ua wala kwa hati ya ardhi. Waliipima kwa mwendo wa bahari yenyewe. Na la ajabu ni kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010 nayo imeipima vivyo hivyo. Kifungu cha 62 kinaiorodhesha ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Naam, mchanga ule mweupe ulio katika tangazo, ule ambao mawimbi huufunika na kuufunua kila siku, ni mali yangu, ni mali ya mwanafunzi wangu, ni mali ya mvuvi wa Gazi na ya mchuuzi wa River Road. Hoteli haiwezi kutuuzia kile ambacho tayari ni chetu. Tukitaka bahari, tuiendee. Tulale katika nyumba ya wageni ya bei nafuu pale Ukunda, na asubuhi tutembee hadi ufuoni tukaoge bure.

Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza wanafunzi wake waliokariri vizuri. Kisha akasema, "Daktari, na huko Ukunda nani atapika? Na mkiingia baharini nyote watatu, nani atabaki amekalia nguo na simu zenu? Mimi sitaki bahari. Mimi nataka siku ambayo nitaamka na hakuna mtu atakayeniuliza chai iko wapi."

Msomaji, hapo ndipo hoja yangu ilipopwa kama maji.

Nililala nikiyatafakari maneno hayo, na kadiri nilivyoyatafakari ndivyo nilivyoona kwamba mke wangu ameligusa jambo ambalo matangazo hayalitaji na wakosoaji wa anasa pia hawalitaji. Hoteli ya kifahari ya pwani haiuzi bahari. Bahari ni pambo tu la dukani. Bidhaa inayouzwa ni utumishi: kwamba kwa siku kadhaa mtu mwingine atakutandikia, atakupikia, atakuoshea, atakuangalizia mali yako na kukuuliza kama umeridhika. Kwa mwanamume aliyezoea kutumikiwa nyumbani kwake, bei hiyo lazima ionekane wazimu, kwa sababu anauziwa kitu ambacho hukipata bure kila siku. Kwa mwanamke ambaye hufundisha mchana, hupika jioni na husahihisha insha usiku, huenda hicho ndicho kitu pekee ambacho hajawahi kukionja. Swali la kama hoteli ina thamani ya bei yake haliwezi kujibiwa kabla ya kuuliza: thamani kwa nani?

Hebu tuliangalie pia neno hoteli lenyewe. Hapa Nairobi, mtu akikwambia mkutane hotelini, aghalabu hamaanishi mahali pa kulala. Humaanisha chumba chenye meza ndefu, chai ya maziwa, mandazi na ugali kwa matumbo, huko River Road au nyuma ya soko la Kangemi. Hoteli kwetu ni mahali pa kushiba na kuondoka. Hoteli kubwa za kulala zilikuwa za watu wengine, na hata hizo zimekuwa zikitutoka: Hilton, mnara wa mviringo ambao tangu mwaka 1969 ulikuwa alama ya katikati ya jiji hili, ulifungwa mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya InterContinental kuufunga mlango wake mwaka 2020. Wengi wetu tulipita mbele ya majumba hayo miaka mingi bila kuvuka kizingiti. Ndiyo maana tunapoziendea hoteli za pwani tunakwenda tukiwa hatujui tunachostahili kudai. Tunaogopa kuuliza bei, tunaogopa kuuliza kama kodi ya ziada ya thamani ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2 vimo ndani ya bei iliyotangazwa, na tunaogopa kusema chakula kimepoa.

Wapo watakaonikumbusha kwamba watumishi wengi wa umma wamelala katika hoteli hizo. Ni kweli, lakini wamelala katika warsha. Nchini mwetu limezuka tabaka zima la watu wanaoijua pwani kwa njia ya semina za siku tatu zinazolipiwa na wizara, na wahisani, au na mfuko wa mlipa kodi. Mimi mwenyewe nimo katika tabaka hilo, sitajifanya mtakatifu. Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria mkutano wa wataalamu wa lugha katika hoteli moja ya ufuo wa kaskazini mwa Mombasa. Hoteli ilikuwa na jina la Kiswahili na nguzo zilizochongwa kwa mtindo wa Lamu. Mlangoni tulilakiwa kwa "Jambo!" lile la watalii, ambalo Mswahili hamwamkii nalo mwenzake, maana yeye husema hujambo, akajibiwa sijambo. Orodha ya vyakula ilikuwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kiitaliano. Kiswahili hakikuwamo. Tulikuwa wasomi wa Kiswahili zaidi ya ishirini, tumeketi katika nchi ya Waswahili, tukisoma kwa Kijerumani jina la samaki ambaye mvuvi wa karibu angetutajia kwa neno moja. Hakuna aliyelalamika. Kwa nini tulalamike? Hatukuwa tunalipa sisi. Mgeni wa kulipiwa haijui bei, na asiyeijua bei hawezi kuijua thamani.

Usiku wa pili nilizungumza kwa Kiswahili na kijana aliyekuwa akitupakulia. Uso wake ulibadilika. Ule utabasamu wa kazi ukaondoka, akaniamkia upya, "Shikamoo mzee," kisha akaniambia kwamba ana mkataba hadi Pasaka tu. Baada ya hapo angerudi kwao Kaloleni kungoja aitwe tena, au asiitwe. Tangu siku hiyo siwezi kuitazama bei ya kitanda bila kumwona yeye. Maadamu bidhaa ni utumishi, basi mtumishi ndiye sehemu kubwa ya kile tunachokinunua, na yeye hayumo katika picha.

Historia ya uchumi huu yafaa tuikumbuke, hasa sisi tunaowafundisha vijana. Kazi za hoteli za pwani zimekuwa zikipwa na kujaa kama bahari. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza wageni. Shambulio dhidi ya hoteli ya Paradise huko Kikambala, Novemba 28, 2002, liliwafukuza tena. Mei 2014, kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wateja wao Mombasa kabla ya siku zao kwisha, baada ya serikali yao kutoa tahadhari ya usalama. Machi 2020 janga la Covid likafunga anga, na ndege za abiria kutoka nje hazikuruhusiwa tena hadi Agosti 1. Kila mara mambo hayo yalipotokea, hoteli zilipunguza au kufukuza wafanyakazi, na kila mara wakubwa wa utalii waligeuka na kutuita sisi, wenyeji, tuje tutembee nchi yetu. Bei ya wakazi, ambayo tunaiona kama heshima, imepaliliwa sana na dhiki hizo.

Sisemi haya kwa uchungu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mkenya amezifaa hoteli hizo kwa dhiki. Ninachosema ni kwamba rafiki wa dhiki ana haki ya kutendewa kama rafiki hata wakati wa neema. Methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, Mkenya anapokwenda Diani ni mgeni au ni mwenyeji? Kwa karatasi ya bei ni mkazi. Kwa orodha ya vyakula ni mgeni. Kwa kijana wa Kaloleni ni ndugu. Utalii wa ndani utastawi pale hoteli zitakapoamua kwamba sisi si viraka vya kuzibia msimu mbovu.

Basi mwalimu mwenye akiba yake ndogo aamue vipi? Mimi nimefikia maswali matatu, nayo nayatoa kama mtu anayejifunza, si kama mwalimu.

La kwanza: fedha zimetoka wapi? Anasa ya kuwekewa akiba ni anasa; anasa ya mkopo ni deni lililovaa miwani ya jua. Mkopo wa chama cha akiba unaochukuliwa Desemba kwa ajili ya kitanda utalipwa kwa miezi mingi baada ya ngozi kusahau jua. Kama siku tatu zitamfanya mtoto arudishwe nyumbani kwa kukosa karo, basi hazina thamani hata zikitolewa kwa nusu ya bei.

La pili: nani atapumzika? Kama ni familia iende ili baba akae baani, watoto wazame katika simu, na mama abaki kuhesabu taulo na kuwasaka watoto, basi hakuna kilichonunuliwa. Utumishi ununuliwe kwa ajili ya yule anayetumika.

La tatu: nitatumia nini ambacho sikipati nje ya ukuta? Bahari i nje ya ukuta. Msikiti wa kale wa Kongo, penye kinywa cha mto Mwachema, u nje ya ukuta. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ambao ni miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, u nje ya ukuta, na huko kuna wenyeji watakaokuongoza kwa ada ndogo. Samaki wa kupaka wa mama wa Ukunda yuko nje ya ukuta, na ninaapa kwamba ni mtamu kuliko yule niliyemsoma kwa Kijerumani. Ndani ya ukuta kuna mapumziko, usalama na ukimya. Lipa siku zile tu utakazokaa ndani.

Lakini lipo la serikali pia. Hoja ya mke wangu ina upande ambao fedha zetu binafsi haziwezi kuutibu. Kwa nini ufuo ambao Katiba imeufanya wa umma haumpi mama wa kawaida mapumziko yoyote? Kwa sababu katika sehemu nyingi hakuna choo safi, hakuna bomba la kujisuuza chumvi, hakuna kivuli, hakuna mahali pa kuweka nguo ukaingia majini kwa amani. Malalamiko kwamba njia za umma za kuteremkia baharini zimebanwa au kunyakuliwa na wenye viwanja yamesikika miaka nenda miaka rudi. Ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, Mombasa, hufurika watu siku za sikukuu, ushahidi kwamba Wakenya hawahitaji kufundishwa kuipenda bahari. Serikali za kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikitia vyoo, maji na walinzi katika fuo za namna hiyo, na kuzifungua njia zote za umma, zitakuwa zimewapa wananchi maskini kile ambacho sisi tunakiendea kwa shilingi 24,000. Haki ya kufika pwani bila mahali pa kupumzika ni nusu haki.

Tuliamua nini nyumbani kwetu? Hatutakwenda Desemba. Mshahara wa Desemba una wenyewe, nao ni wa shule. Tumeanza kuweka akiba kila mwezi kwa ajili ya likizo ya Aprili, wakati bei hushuka kwa kuwa masika yako njiani. Tutalala siku mbili katika nyumba ya wageni ya Ukunda, na huko mpishi na mlinzi wa nguo nitakuwa mimi. Hilo liliandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, ambao ni watoto wetu. Usiku wa tatu, usiku mmoja tu, tutaingia katika hoteli yenye kitanda cha ndoto za mwanafunzi wangu. Nilimwonya Mwalimu kwamba Aprili huenda mvua ikanyesha siku yenyewe. Akanijibu, "Inyeshe. Mimi nitakuwa nimelala."

Neno anasa lilitujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake unahusu kuliwazana, furaha ya kuwa na wenzako. Kwa asili yake, basi, anasa si jina la kitu, ni jina la hali iliyo kati ya watu. Mwanafunzi wangu aliyeuliza mtu huota nini katika kitanda cha shilingi 24,000 nitamjibu nikirudi. Lakini tayari nashuku kwamba kama yule aliye kando yako hajapumzika, na kama yule aliyekutandikia hajui atakula nini baada ya Pasaka, basi kitanda hicho, hata kiwe laini namna gani, ni ghali mno.